Mwongozo kamili wa kupiga picha baada ya vita, kwa wewe uliyefika salama lakini moyo bado uko njiani

Naandika hii kwa watu wangu waliokimbia, iwe ulitoka Kivu, mashariki ya Kongo, kama mimi, iwe Burundi au Sudan Kusini, au ni wewe wa Kenya uliyechomewa nyumba 2008 na mpaka leo usingizi haukai. Mi nilivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda mwezi wa saba 2012, vita vilipofika kwetu, tukalala kituo cha wapya cha Nyakabande pale Kisoro siku kadhaa alafu malori yakatubeba mpaka kambi ya Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, tukapewa kipande cha shamba, turubai, sufuria na jembe. Kila mtu alikuwa ananiambia shukuru Mungu umefika. Na nilishukuru kweli, ila karibu mwaka mzima nilikuwa nakaa mlangoni natazama chini, mtu akipita akinisalimia naitika bila kumuona uso.

Kilichoniinua macho ni simu ya mkono wa pili, kioo kimepasuka kona moja, kamera yake ndogo tu. Nilianza kutazama vitu kwa sababu ya hiyo simu, baadaye nikawa natafuta vitu vya kutazama, alafu siku zikaenda watu wakaanza kunitafuta mimi. Njia yenyewe ndo hiyo, nitaieleza hatua kwa hatua na makosa yangu humo humo ili we usiyarudie.

Neno moja kabla sijaanza. Kama unaota moto kila usiku, unatetemeka ukisikia lori, au umefika mahali unafikiria kujitoa uhai, nenda leo kituo cha afya uwaambie hivo hivo kwa maneno hayo, wanaohudumia mambo ya akili wapo hata kambini. Mi nilienda. Picha nilizifanya pamoja na hiyo huduma, sikuziweka mahali pake.

HATUA YA KWANZA: ANZA NA VITU VISIVYOKUKIMBIA

Mwezi wa kwanza usipige watu, na usipige chochote cha vita. Piga vitu vya hapo hapo nyumbani: sufuria, jembe limeegemea ukuta, viatu vya mtoto mlangoni, tundu la bati linaloingiza jua. Chagua saa moja ya siku usiibadilishe, chagua mahali pamoja, dakika 10 zinatosha, na usizidishe picha 5. Hizo 5 ni muhimu kwa sababu ukijiruhusu kupiga 100 hutatazama, utakuwa unabonyeza tu.

Picha yangu ya kwanza ninayoikumbuka ni kikombe cha plastiki cha bluu, nimekiweka juu ya jiwe nje, jua la asubuhi likapita ndani yake, na kile kivuli chake pale chini kikawa cha bluu, chenye mduara unaong'aa katikati. Sikuwahi kujua kivuli kinaweza kuwa na rangi. Nikainama, nikazunguka, nikakisogeza kidole kimoja kulia, kushoto, mpaka nikashtuka chai imepoa, na hapo hapo nikatambua kwamba muda wote huo sikuwa nimefikiria ile barabara ya Bunagana hata mara moja. Dakika 10 tu. Kwa mtu ambaye alikuwa hajapata hata 2, hiyo ni mali.

Ninavyoelewa mimi, mtu aliyetoka vitani macho yake hayapumziki, yanatafuta hatari kila kona, nani anakuja, mlango uko wapi, kelele ile ni ya nini. Huwezi kuyaambia macho acheni. Ila unaweza kuyapa kazi nyingine ya kutafuta. Ndo maana nasisitiza uanze na vitu, kwa sababu kikombe hakikuulizi ulitoka wapi.

HATUA YA PILI: SIMU ULIYO NAYO INATOSHA

Wengi wananiambia nikipata kamera nzuri ndo nitaanza. Usisubiri. Picha ya karatasi ya kawaida, ile ya sentimita 10 kwa 15, ili itoke safi inahitaji nukta kama 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Simu karibu zote zilizopo mikononi mwa watu leo zinapita hapo mbali.

Kinachoharibu picha za simu ni vitu vidogo. Cha kwanza uchafu: futa kile kioo cha kamera kwa kitambaa laini cha pamba kila mara kabla ya kupiga, mafuta ya vidole ndo yanaleta ule ukungu mweupe ambao watu wanadhani ni simu mbovu. Cha pili kuzumu, usizumu, tembea umkaribie. Cha tatu fleshi, izime kabisa. Cha nne ni uso kutoka mweusi tii mbele ya mbingu nyeupe: gusa uso kwenye skrini, shikilia kidole hapo sekunde chache mpaka simu ifunge fokasi, alafu utaona alama ya jua, ipandishe au ishushe mpaka ngozi ionekane kama ilivyo. Ngozi zetu nyeusi simu nyingi zinazikosea, zinazitia weupe wa majivu mpaka mtu anaonekana mgonjwa, kwa hiyo mara nyingi utashusha kidogo. Usiogope kushusha. Weusi wa mtu una mng'ao wake na huo ndo unautafuta.

Siku ukipata hela ya kamera ya mkono wa pili, kabla hujalipa ielekeze lenzi kwenye mwanga na uchungulie ndani, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni koga, achana nayo. Na ukishanunua itunze na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

HATUA YA TATU: MWANGA

Hapa naomba ukae, kwa sababu asilimia kubwa ya kupiga picha iko hapa na haina gharama.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta jua letu halichezi, linapanda haraka na kushuka haraka. Mwanga mzuri ni wa saa moja asubuhi mpaka saa tatu kasoro, na jioni kuanzia saa kumi na moja. Katikati hapo, saa sita saa saba, jua likiwa utosini macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi na pua inatupa kivuli mdomoni, hata awe mrembo vipi ataonekana amechoka na maisha. Kama lazima upige saa hizo mweke chini ya mwembe au kwenye kivuli cha nyumba. Angalia tu usimweke chini ya turubai la rangi: la bluu litamgeuza bluu, la chungwa litamgeuza chungwa, na hiyo kuitoa baadaye ni kazi. Turubai jeupe lenyewe ni zuri sana, linalainisha jua.

Sasa siri yangu kubwa ambayo nimewafundisha vijana wengi: mlango. Nyumba zetu za udongo ndani kuna giza, sivyo? Hilo giza ndo studio yako. Mkalishe mtu ndani ya nyumba, hatua moja tu kutoka kizingiti, uso wake unatazama nje. We simama nje, ila usimzibie mwanga. Mwanga wa mbingu utampiga usoni polepole, nyuma yake kutabaki weusi mtupu, hakuna mabati, hakuna kamba ya nguo, hakuna turubai lenye maandishi ya shirika. Anabaki yeye. Kama upande mmoja wa uso una kivuli kizito, mpe mtu ashike mfuko mweupe wa unga upande huo, karibu na shavu, utaona mwanga unarudi.

Mara ya kwanza nilipompiga jirani yangu hivo akatazama skrini kimya, alafu akasema, "Hapa sionekani kama mkimbizi." Nilikuwa sijafikiria hilo kabisa. Tangu siku hiyo nafikiria.

HATUA YA NNE: WATU, NA RUHUSA

Kosa langu baya liko hapa. Nilimpiga mzee mmoja kwenye foleni ya maji bila kumuuliza, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri na kofia yake ilikuwa nzuri. Akaniona. Akaja mpaka niliposimama, hakupiga kelele, akasema, "Kijana, mimi nimepigwa picha na kila gari linalokuja hapa. Sijawahi kuona hata moja. We pia?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaifuta mbele yake, nikamuomba radhi, na ilinichukua wiki mbili kurudi kwake na kumuuliza vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi. Salimia kwanza, kaa, ongea, simu ikiwa mfukoni. Uliza kabla ya kuitoa. Ukishapiga muonyeshe, na akisema futa unafuta hapo hapo bila kubembeleza. Mtoto uliza mzazi wake au anayemlea. Mtu akikubali umpige, hajakubali uiweke mtandaoni, hayo ni maswali mawili na uyaulize mbali mbali, kwa sababu wako wanaotafutwa na watu walewale waliowakimbia, na uso mmoja kwenye Facebook unaweza kumfikia asiyetakiwa kuuona. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime ile ya kuhifadhi mahali, maana picha inabeba ndani yake sehemu ilipopigwa. Ukituma WhatsApp kama dokumenti ili isipoteze ubora, hayo maelezo yanaenda nayo.

Mwanamke aliyefanyiwa ukatili, usipige kitu kitakachomtambulisha, hata mikono yake kama ina alama, hata kitenge chake kama kijiji kizima kinakijua. Wanajeshi, polisi, mahali pa kupokelea wapya, pa kugawia chakula, usipige bila kibali. Uganda makambi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, nenda kwa kamanda wa kambi ujitambulishe, eleza unafanya nini. Watakaokuwa wanakujua hawatakunyang'anya simu.

HATUA YA TANO: KUGUSA VITA VYENYEWE

Sio lazima. Kuna watu wamepiga picha miaka mingi na hawajagusa, na wako sawa. Ila wengi siku inafika mkono unaenda wenyewe.

Ukifika hapo ujue kamera nayo inaumiza. Sebastião Salgado, yule mpiga picha Mbrazili, alikuwa kambi ya Benako kule Ngara, Tanzania, 1994 wakati Wanyarwanda wanamiminika, akawa Goma pia, na aliyoyaona yalimvunja mpaka mwili ukamgomea, akaweka kamera chini. Akarudi shamba la wazazi wake Minas Gerais, ardhi imekauka haina mti, na mkewe Lélia ndo akasema turudishe msitu. Walianzisha Instituto Terra 1998 na miti iliyopandwa imepita milioni 2. Alipoanza safari kubwa ya picha tena 2004 alienda kwa milima, wanyama na watu wa mbali ambao dunia haijawaharibu. Mi nampenda kwa hilo, kwamba alikubali kuacha. Mohamed Amin, mpiga picha wetu wa Nairobi, alipoteza mkono Addis Ababa 1991, ghala la silaha lililipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia. Wote wawili wako sahihi. We jisikilize.

Njia ninayoipendekeza ni kuanza na vitu mlivyokuja navyo. Kwetu Wakongo kadi ya kura ndo kitambulisho, na familia nyingi picha pekee ya marehemu iliyobaki ni ile ndogo kwenye kadi yake. Watu wakianza kukuamini watakuletea. Jinsi ya kuinakili: ilaze chini tambarare mahali penye kivuli cha wazi, nje ya jua, fleshi imezimwa, simu iwe sambamba nayo kabisa juu yake isiinamie upande. Ile plastiki inang'aa, kwa hiyo zunguka taratibu mpaka mng'ao utoke usoni. Piga nyingi. Usiikuze kupita kiasi, uso uliopanuliwa sana unakuwa mawingu na mwenyewe ataumia kuuona hivo, bora ndogo iliyo safi.

Ukiwa na wenzako watatu wanne, kaeni kikundi. Pale Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma, mwaka 2000 watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, wengi wao waliofiwa 1994, walipewa kamera zile za kutumia mara moja wakapige wanachotaka. Na China, mkoa wa Yunnan, miaka ya 1990 wanawake wa vijijini walipiga maisha yao wenyewe alafu wakakaa kuzijadili, na wanaofuata njia hiyo wana maswali ambayo sisi pia tunayatumia mpaka leo: unaona nini hapa? Kinachoendelea kweli ni nini? Kinahusiana vipi na maisha yetu? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini? Kila mtu alete picha 1 tu. Mwenye picha aongee wa mwisho, wengine wakishasema wanachoona. Tulikaa hivo jumamosi nyingi chini ya mti, na kuna kijana ambaye alikuwa hasemi chochote kuhusu njia aliyopita, akaleta picha ya kandambili za rangi mbili tofauti, moja nyekundu moja kijani. Tukakisia, tukakisia. Zamu yake ilipofika akaongea karibu saa nzima.

Mkisikia mtu anapumua kwa shida au amepotea macho, simamisheni. Maji, kutembea, mtu mmoja wa kukaa naye. Picha ile iwekwe pembeni mpaka yeye mwenyewe aitake.

HATUA YA SITA: IKUTIE NA UNGA NDANI

Furaha bila unga haikai. Anza na paspoti: shuka jeupe ukutani kivulini, mtu asimame mbali kidogo na shuka ili kivuli chake kisiangukie, uso mbele, masikio yaonekane. Alafu ubatizo, harusi, watoto wakimaliza shule. Piga hesabu ya kuprinti, boda ya kwenda mjini, chaji ya sola, ndo uweke bei, na chukua nusu kabla hujaanza. Wa kuwapigia bure wachague mwenyewe, ukiacha wajichague utafunga kazi.

Picha zote ziwe sehemu mbili, memori kadi na mahali pengine. Niliwahi kupoteza miezi 8 ya kazi kwa simu kuingia maji. Naomba usisome hapa ukapita tu, fanya leo.

HATUA YA SABA: ISAFISHE, IRUDISHE

Kama kuna hatua moja tu utakayoishika, shika hii. Picha ikikaa kwenye simu ni yako. Ukiiosha kwenye karatasi ukampelekea mwenyewe mkononi, inakuwa nyumbani kwake, na we unakuwa mtu anayengojewa. Sisi tuliokimbia tuliacha picha, ndo kitu ambacho hakuna shirika lililotuandikia kwenye orodha ya vilivyopotea, na ukimuuliza mama yeyote atakuambia ukutani kwake kulikuwa na zipi na zimepangwaje.

Mama mmoja alinijia jioni na mtoto wa kiume wa miaka kama 7, kamvalisha shati jeupe. Akasema, "Mwanangu, nataka umpige huyu, lakini ageuze uso hivi." Akamshika kidevu akamgeuza kushoto kidogo. Nikamwambia mama, akitazama mbele itatoka nzuri zaidi. Akasema, "Kaka yake alikuwa anatazama hivi."

Kaka alibaki njiani kabla hatujafika mpakani. Picha zake zote ziliungua na nyumba, na huyu mdogo ana sura ile ile na sasa amefikia umri ule ule. Nikamkalisha mlangoni, hatua moja kutoka kizingiti. Nikapiga 6, mama amesimama nyuma yangu, mkono mmoja mbele kama anamshikilia kwa mbali. Alipochagua kwenye skrini alichagua ile ambayo mi ningeifuta, kifungo cha shati kimefunguka na mtoto yuko karibu kucheka.

Niliiprinti mbili mjini, moja ya ukutani na moja ya kuweka, nikarudi nazo jumapili ndani ya daftari ili zisikunjike.

HATUA YA NANE: ANDIKA NYUMA

Kila picha unayotoa iandike nyuma: jina, mahali, tarehe. Karatasi za siku hizi zina plastiki nyuma, peni inateleza na ukikandamiza alama inatokea mbele usoni, kwa hiyo tumia maka ya ncha nyembamba, andika pembeni, acha ikauke vizuri kabla hujaweka picha nyingine juu yake. Muulize mwenyewe tahajia, usikisie, majina yetu yaliandikwa vibaya kwenye karatasi nyingi sana.

Yule mama nilimuuliza hivo. Akalitaja jina la mtoto, herufi kwa herufi, nikaandika. Nikafunga maka. Akasema ngoja, akataja jina lingine. Nikafungua tena, nikaliandika chini ya la kwanza.